Kabla ya miche, kaeni kwanza na wenye magimbi

Mleta mada, nimekusoma mara mbili. Umesema mko vijana 12, mmerudi kijijini mkakuta kiwanja cha kijiji kimeliwa na mashamba, mtoni pamegeuka jalala, na kuna mtu kawaahidi miche 500. Unauliza mpande miti gani, na je, muanze wiki ijayo? Wengi hapo juu wamekutajia miti. Mimi naomba nirudi nyuma kidogo, maana nimekuwa katibu wa kikundi cha namna hiyo tangu mwisho wa 2015, huku kwetu Kilimanjaro, na kwa ulivyoeleza naona mnaelekea pale pale tulipojikwaa sisi.

Tulianza Desemba 9, 2015. Mtakumbuka mwaka ule Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru akataka nchi nzima ifanye usafi. Kijijini kwetu watu walitoka kweli. Tulishuka mtoni na majembe, mapanga na magunia matupu, tukatoa chupa, betri za redio, viatu na mifuko laini isiyo na idadi. Kitu ambacho sijakisahau ni pampasi. Zilikuwa zimenasa kwenye mizizi ya msesewe mmoja uliopo kwenye kona ya mto, zimevimba maji, ukiishika tu inapasuka na ile jeli nyeupe inatiririka mkononi. Na hatua kama ishirini chini ya hapo watoto walikuwa wanachota maji. Siku ile nilijua kazi hii sitaiacha.

Masika ya 2016 yalipoanza tukapanda miche 400. Ilikuwa siku kubwa, wageni walikuja, picha zikapigwa. Tulifyeka ukingo wote ukawa mweupe, tukachimba mashimo kwa mstari, kila mmoja akaondoka kifua mbele. Mwezi wa tisa nikapita na daftari kuhesabu. Ilikuwa imebaki 31.

Jua lilichangia, na mbuzi pia. Lakini mingi ilikuwa imeng'olewa, tena imeng'olewa vizuri na kulazwa pembeni ya shimo. Mtu aliyefanya vile hakuwa mhuni. Alikuwa anatuambia jambo.

Tulikuja kujua baadaye. Pale tulipofyeka palikuwa na magimbi ya mzee mmoja wa miaka sabini na kitu. Sisi tuliona majani tu. Yeye alikuwa na chakula cha nyumba yake pale, kipande ambacho baba yake alikilima kabla yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumpigia hodi. Palikuwa na vipande vingine vya namna hiyo, na akina mama waliokuwa wanakata majani ya ng'ombe pale kila jioni, kwa sababu kwetu ng'ombe hafunguliwi, analishwa bandani. Tuliwapokonya malisho katika asubuhi moja, halafu tukashangaa miche haijapendwa.

Tulichofanya ni kile ambacho Mchagga yeyote angekwambia ufanye. Wazee wawili wa kikundi walichukua isale na ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, wakaenda nyumbani kwa yule mzee kuomba radhi. Kwa wasiojua, isale ni ule mmea unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba ya ukoo, na ukipelekewa isale kwa kosa ulilotendewa ni vigumu sana kukataa kusamehe. Mzee alilipokea. Akakaa kimya kitambo, halafu akasema tu, "Mngeniuliza, ningewaonyesha mahali pa kupanda." Wiki iliyofuata alitembea na sisi ukingo mzima na fimbo yake. Alituonyesha mto ulipokuwa unapita zamani, mdomo wa mfongo uliokuwa unapeleka maji mashambani, na sehemu ambazo maji yakijaa hupiga kwa nguvu. Aliyotufundisha asubuhi ile hakuna semina ingetufundisha.

Kwa hiyo mkuu, jibu langu la kwanza ni hilo. Wiki ijayo msipande kitu. Tembeeni ukingo wote na kiwanja chote, muulize kila nyumba jirani: nani analima hapa, nani anakata majani, nani anafua, nani ananywesha mifugo, nani anaoshea pikipiki. Andikeni. Kwetu ilichukua wiki tatu na tukapata watumiaji 27 wa kipande ambacho sisi tulidhani hakina mwenyewe.

Sasa sheria. Kuna mchangiaji hapo juu kasema "sheria iko wazi, watoeni tu." Ni kweli iko wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo ina mita 60 hizo hizo. Lakini chukueni kamba mpime. Sisi tulipopima, kamba ilipanda mpaka kwenye migomba ya watu na ikagusa nyumba mbili. Ukianza na kauli ya "ondokeni", umejipatia maadui 27 kabla hujachimba shimo moja, na wao ndio watakaolala karibu na miche yako kila usiku, si wewe.

Sisi tulipeleka jambo mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kusema. Tulimwomba ofisa mazingira wa wilaya aje aeleze sheria kwa mdomo wake, ili isionekane ni vijana wamejitungia. Halafu wenyewe wakapanga ratiba ya kuondoka: kipande kinachogusa maji kiachwe mara moja, cha juu kivunwe kilichomo kisha kisilimwe tena mahindi wala nyanya. Mpaka tukauweka kwa masale, mmea ule ule wa isale. Vigingi vya mbao watu wangevichoma kuni, lakini masale ya mpaka hakuna anayeyang'oa. Baada ya hapo serikali ya kijiji ikaandaa sheria ndogo. Hapa muwe na subira, kwa sababu sheria ndogo ya kijiji ikishapita mkutano mkuu ni lazima ikaidhinishwe na halmashauri ya wilaya, na bila hivyo faini yoyote mtakayomtoza mtu haina miguu.

Akina mama wa majani tuliwapa kipaumbele, na naona huu ndio uamuzi bora tuliowahi kufanya. Ukanda wa juu tulipanda majani ya malisho, mabingobingo na gwatemala, wakagawana mistari. Anayekata majani pale anaingia kila siku, na mbuzi akiingia yeye ndiye wa kwanza kumwona. Hatujawahi kuajiri mlinzi.

Kuhusu miti yenyewe. Waulizeni wazee ni miti gani ilikuwa inakaa karibu na maji enzi zao, mtapata orodha nzuri kuliko ya mfadhili. Kwetu ni mkuyu, msesewe, mringaringa na mruka. Mkuyu hauhitaji hata kitalu, unakata tawi nene, unalizika kama kigingi kwenye udongo wenye unyevu, linachipua. Kama kwenye ile 500 mna mikaratusi, naomba sana muikatae kwa heshima au muipande mbali kabisa na mto. Mkaratusi unakunywa maji mengi, na kuuweka kwenye chanzo ni kuukausha mto kwa mikono yenu.

Sasa kosa letu la pili, ambalo liliniuma kuliko la kwanza kwa sababu tulilifanya tukiwa tayari tunajiona tunajua. Mwaka 2018 tulitaka ukingo karibu na kiwanja upendeze, watu wakae jioni wapunge upepo. Tukafyeka matete yote, mita kama thelathini, tukaweka benchi za magogo. Palipendeza kweli. Halafu ikaja vuli ile ya 2019, mnaikumbuka, mvua ilinyesha hadi mwaka mpya ikaukuta udongo mtupu. Asubuhi moja tulikuta benchi mbili hazipo na ukingo umekatika kama mkate, mizizi ya mringaringa mmoja ikining'inia hewani. Upande wa pili, ambako matete yalikuwa hayajaguswa, mto ulikuwa umepita juu yake ukayalaza, na yalipoachwa wiki moja yakasimama tena. Usafi wa ukingo wa mto ni kuondoa taka. Matete, majani marefu, mti ulioinamia maji, hivyo viacheni. Mtu akitaka kukaa mtoni, fungueni njia mbili nyembamba za kushukia, na benchi ziwekwe juu kwenye kiwanja.

Kumwagilia. Hapa ndipo miche 400 ya watu wengi inapofia. Masika yakiisha mwezi wa tano, mche mchanga una miezi mingi ya jua mbele yake hadi vuli, na kiangazi cha mwaka wa pili bado unahitaji mkono wako. Tangu 2017 hatupandi zaidi ya tunayoweza kumwagilia. Mwaka ule tulipanda 120 tu, kila nyumba ikachukua mitano na kuijua kwa sura. Chupa za maji za lita moja na nusu tulizookota mtoni tulizitoboa tundu dogo kwenye kizibo, tukazichomeka kichwa chini pembeni ya mche. Unajaza mara mbili kwa wiki, maji yanadondoka taratibu kwenye mizizi. Mtoto wa darasa la nne anaiweza kazi hiyo na anaipenda. Ile 120 ilipona 97, na leo kuna miringaringa pale ambayo tunakaa kivulini mwake.

Kingine, msihesabu miche iliyopandwa. Hesabuni iliyopona. Wangari Maathai alipoanzisha kazi yake ya kupanda miti kule Kenya mwaka 1977, akina mama walikuwa wanapewa kifuta jasho kidogo kwa mche ulioshika, na nadhani hapo ndipo ilipo siri ya miti yake mingi kusimama. Sisi hatuna pesa ya kumlipa mtu, lakini kila mkutano mkuu tunasoma idadi ya iliyopona kwa kitongoji. Watu wanasikiliza, na kitongoji chenye namba ndogo huona aibu.

Taka sitadanganya kwamba tumemaliza. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tuliona tofauti kwa macho, ile mifuko laini iliyokuwa inaning'inia kwenye kila tawi ilipungua sana. Pampasi zimebaki. Tuliwahi kuwapigia kelele akina mama mkutanoni na haikusaidia kitu, mpaka dada mmoja wa kikundi aliposimama akauliza, "Mnataka azitupe wapi?" Hapakuwa na mahali. Tukachimba shimo refu lenye mfuniko mbali na mto, juu ya barabara, na pale ndipo zilipoanza kupungua. Vivyo hivyo vijana wa bodaboda waliokuwa wanaoshea pikipiki mtoni na mafuta yanaelea. Tuliwatengenezea sehemu ya kokoto pembeni ya bomba la kijiji, wakahama bila ugomvi.

Kiwanja cha kijiji kina njia yake. Nendeni ofisi ya kijiji muulize kama kimeandikwa kuwa ardhi ya matumizi ya pamoja kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Kama hakijaandikwa, hilo ndilo la kulisukuma kabla ya kupaka rangi magoli. Kwetu tulikikarabati kiwanja vizuri, tukazungushia miti ya kivuli, na mwaka uliofuata mtu mmoja akaja na karatasi akidai kauziwa kona yake. Tulihangaika nalo karibu miaka miwili. Kiwanja kikipendeza kinapata wanunuzi.

Wachimba mchanga, kama wapo kwenu, msipambane nao wenyewe. Hilo lipelekeni kwa jumuiya ya watumia maji ya eneo lenu na bodi ya maji ya bonde. Sisi tuko Bonde la Pangani. Maji yetu yanaishia mto Kikuletwa, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanateremka mpaka bahari ya Hindi pale Pangani mjini, yakizungusha mitambo ya umeme njiani. Huwa nawaambia vijana wetu hivyo kila msaragambo, yaani siku ya kazi ya pamoja ya kijiji, kwamba kuna mtu kule Hale, kwenye mmoja wa mitambo hiyo, anawasha taa kwa maji yaliyopita kwenye matete haya.

Kuhusu ile miche 500: mwombeni aliyewaahidi awape 100 masika haya na iliyobaki mwakani. Akikataa kwa sababu anataka picha ya miche 500, muacheni. Mkishatembea ukingo na kuandika majina, rudi hapa utuambie mmekuta nani na nani. Mringaringa wa kona ya kiwanja chetu unazaa sana, nitakukusanyia mbegu. Mche wake kitaluni msiufunike sana, unapenda mwanga.