Kijana Aliyeshindikana na Farasi Asiyeshikika

Mhariri, katika swali la wiki mmeuliza kama ni busara kumkabidhi kijana aliyeshindikana nyumbani na shuleni farasi ambaye naye amewashinda wenyewe, au kama kufanya hivyo ni kukusanya hatari mbili mahali pamoja. Jibu langu ni kwamba ni busara, ingawa si kwa sababu inayotajwa na wengi. Husemwa kwamba viumbe wawili walioumizwa hutambuana na kupendana. Katika miaka niliyosaidia kwenye mazizi yanayopokea vijana wa namna hiyo, nimeuona upendo ukija, lakini huja mwisho, na pengine hauji kabisa. Kinachofanya kazi tangu mwanzo ni kwamba farasi ana uwezo wa kukataa, na kukataa kwake hakuna tusi ndani yake.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele ya paji la uso wake na nyingine nyuma ya mkia. Masikio yake hugeuka kila moja peke yake kuifuata sauti. Na mwili wake, ambao uzito wake huweza kufika kilo 500 na kuzidi, umeumbwa ukimbie kwanza na kuuliza baadaye. Tunachokiita ukaidi wake mara nyingi ni woga au maumivu, kama vile jino lenye makali linalokwaruza shavu kwa ndani, tandiko linalobana mabega, au kwato yenye jipu. Kijana aliyezoea kuitwa mkorofi na watu wasiomuuliza kinachomuuma hulielewa jambo hili upesi kuliko walimu wake.

Si jambo geni. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia jinsi farasi aitwaye Bucephalus alivyoletwa mbele ya Mfalme Filipo wa Masedonia, akawa hakubali kupandwa na mtu yeyote, mfalme akaamuru aondolewe. Aleksanda, mwana wa mfalme huyo, aliyekuwa bado kijana mdogo, akasema kwamba wanampoteza farasi wa namna ile kwa kukosa ujuzi na uvumilivu, na baba yake akamuuliza kama anajiona anajua kuliko wakubwa wake. Swali hilo kila mzazi wa kijana analijua. Lakini kijana alikuwa ameona jambo ambalo wakubwa hawakuliona: farasi alikuwa anakishtukia kivuli chake mwenyewe. Akamgeuza alielekee jua, akampapasa mpaka akatulia, kisha akampanda. Husifiwa kwa ushujaa, ila mimi naona sifa yake kubwa ilikuwa kwamba alitazama kabla ya kushika.

Faida ya pili ni kwamba farasi hasikilizi maelezo, husoma mwili. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Berlin ilistaajabishwa na farasi aliyeitwa Hans, ambaye alijibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato chini. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alikuwa anasoma mikazo midogo mno ya kichwa na mwili wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua anaitoa, na alipoulizwa na mtu asiyejua jibu, alishindwa. Sasa mfikirie kijana ambaye amejifunza kumwambia kila mtu mzima kwamba hana neno, huku ngumi zimekunjwa mfukoni. Maneno hayo humridhisha mwalimu mkuu, lakini farasi huanza kurudi nyuma kijana akiwa bado mlangoni.

Nilimwona msichana wa miaka kumi na mitano akipewa jike ambaye hakukubali kuvishwa kamba kichwani. Kila alipokaribia, jike alilaza masikio nyuma na weupe wa jicho ukaonekana. Msichana akaibwaga kamba chini, akatukana, na jike akatimkia kona ya mbali. Hakuna aliyemkemea. Mkufunzi alimwambia tu aiokote kamba, asogee mpaka pale ambapo sikio moja litageuka kumwelekea, kisha arudi hatua moja nyuma. Hiyo ndiyo siri ya kufunza farasi: unambana kidogo, na mara anapokubali, hata kwa kiasi kidogo namna gani, unamwachia, na kinachomfundisha ni kule kuachiwa. Msichana alirudia hivyo kwa muda mrefu, kwa uso uliokunjamana, mpaka mabega yake mwenyewe yakashuka bila kuamriwa. Jike akainamisha kichwa, akalamba midomo. Msichana akagusa shingo yake, na akauondoa mkono kabla jike hajajitoa. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ameshikwa mkono kwa nguvu, kuijua saa ya kuachia si jambo dogo.

Najua wapo watakaonijibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo naiheshimu, lakini farasi hakunjiki, na kijana aliyefika umri huo naye amekwisha kukauka vya kutosha.

Masharti yapo, na sitayarefusha. Farasi mgumu si sawa na farasi hatari. Anayemvamia mtu au kupiga mateke bila kuonya si wa mwanagenzi hata kidogo. Daktari wa mifugo amkague kwanza, kazi ianzie chini kabla ya kupanda, kofia ngumu isivuliwe, na msimamizi awe anamjua farasi na kijana pia, kwa sababu kujua mmoja tu hakutoshi. Wala mazizi hayachukui nafasi ya mshauri nasaha.

Sharti ambalo naona halitajwi, na ambalo kwangu ni zito kuliko hayo yote, linahusu kuachana. Kijana wa namna hii ameshazoea watu kuondoka bila kuaga. Ikiwa farasi atauzwa likizoni, au mpango ukaisha fedha zilipokatika, naye akafika akakuta zizi tupu, basi ni afadhali asingeletwa kabisa. Tarehe ya mwisho itajwe tangu mwanzo, hata kama inauma, na wiki za mwisho zitumike kumwachia yeye amfundishe atakayempokea farasi yule: mahali asipopenda kuguswa, upande wa kumkaribia, na jinsi sikio lake linavyogeuka anapokuwa tayari.