Kipandauso na zile siku 3 zinazodanganya

Dozi ya Coartem, dawa ya malaria, huisha kwa siku 3. Kipandauso (migraine) kisichotibiwa nacho hudumu saa 4 hadi 72, yaani siku 3 vilevile. Hapo ndipo wengi wetu Uganda tunapopotea. Kichwa kinagonga, mtu anakimbilia duka la dawa, anauziwa vidonge 24 bila kupimwa, siku ya tatu anaamka mzima na kusema malaria imeisha. Mwezi ujao "malaria" inarudi, pengine upande uleule wa kichwa.

Kipimo cha tone la damu kidoleni hakimalizi nusu saa. Kikionyesha hakuna malaria na mwili hauna joto, usinunue dozi ya tahadhari.

Kipandauso kina sura yake. Mara nyingi huuma upande mmoja, hupwita, huzidi ukipanda ngazi au ukiinama kufua, na huja na kichefuchefu au kuchukia mwanga na kelele. Kichwa cha uchovu hubana pande zote kama kitambaa kilichokazwa mno, lakini mwenye nacho bado anaweza kukaa dukani akauza. Mwenye kipandauso hutafuta chumba cha giza.

Saa kadhaa kabla, wengine hupiga miayo mfululizo au shingo hukaza. Wengine huona mistari inayometameta au doa tupu machoni. Hilo ni wimbi la umeme linalotambaa juu ya ubongo kwa milimita 3 hivi kwa dakika, ndiyo maana doa hukua taratibu kwa dakika 20 au 30. Si jini, na miwani mipya haitaliondoa.

Kwenye dawa, kosa kubwa ni kunywa kidogo na kwa kuchelewa. Mtu humeza panadol moja, anasikilizia, baada ya saa 3 anaongeza nyingine. Wakati huo tumbo limeshalala: kipandauso hupunguza mwendo wake, kidonge hukaa humo bila kufika kwenye utumbo, kisha hutapikwa. Mtu mzima anywe dozi kamili maumivu yakiwa bado machanga. Ibuprofeni miligramu 400, au aspirini miligramu 900, yaani vidonge 3 vya 300. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au mimba aziache hizo, anywe parasetamoli (ndiyo panadol) gramu 1, vidonge 2 vya 500. Mwenye pumu aulize kwanza, na aspirini si ya watoto. Chagua moja, inywe na maji ya kutosha na kitu tumboni, hata kipande cha muhogo. Kichefuchefu kikiwa kikali, muulize mfamasia kuhusu metoklopramidi miligramu 10; huzuia kutapika na kulisukuma tumbo lifanye kazi. Sindano ya diklofenaki inayopendwa kliniki humfaa anayetapika kila kitu. Asiyetapika, kidonge kilichowahi kwa kawaida kinamtosha.

Sumatriptani miligramu 50 ni nzuri pale hizo zinaposhindwa, ila mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye presha isiyoshuka asiiguse. Na anayetumia ARV zenye ritonaviri asikubali kupewa ergotamini, dawa ya zamani ya kipandauso, hata siku moja. Zikikutana, mishipa ya damu hubana hadi vidole vinaweza kufa.

Sasa hesabu, na unahesabu siku za kunywa dawa, si idadi ya vidonge. Panadol, aspirini au ibuprofeni ikinywewa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe huanza kuzaa maumivu. Kwa vidonge vinavyochanganya dawa mbili tatu na kafeini, kwa triptani (jamii ya sumatriptani) na kwa kodeini, dawa kali ya maumivu, ni siku 10 tu. Utajua kwa kuamka na kichwa karibu kila asubuhi. Unameza, kinapoa kidogo, kinarudi. Tiba ni kuacha, na kodeini iachwe chini ya uangalizi wa daktari. Siku 2 hadi 10 za mwanzo kichwa huwa kibaya kuliko kawaida, na hapo ndipo watu hukata tamaa, basi zipange zisiangukie siku za kufuata mzigo Kampala. Baadaye usizidishe siku 2 za dawa kwa wiki.

Nunua daftari la shule. Andika tarehe, saa kilipoanza, dawa, usingizi, ulikula saa ngapi, na hedhi. Baada ya miezi 2 litasema lenyewe. Watu husoma kwamba adui ni chokoleti na jibini. Kwa mla posho na maharage hivyo si vya kila siku. Mwendesha boda aliyetoka alfajiri na chai kavu aanze kwa kushuku njaa na kiu. Kwa wanawake, angalia siku 2 kabla ya hedhi hadi siku yake ya tatu. Mnywaji kahawa apunguze kikombe kimoja kimoja wiki 2 kabla ya Ramadhani, na asiruke daku.

Kikikushika siku 4 au zaidi kwa mwezi, mwombe daktari dawa ya kinga. Propranololi ni ya zamani na inafanya kazi, mara nyingi kwa kuanzia miligramu 40 mara 2 kwa siku, lakini si kwa mwenye pumu, na haiachwi ghafla. Amitriptilini huanza na miligramu 10 usiku. Hukausha mdomo na kuleta usingizi. Zipe wiki 8 kabla ya kuzihukumu. Valproeti, dawa nyingine ya kinga, asipewe mwanamke anayeweza kushika mimba. Na anayeona mimeto hiyo machoni aepuke vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, kwa sababu ya hatari ya kiharusi. Sindano ya miezi 3 na kipandikizi havina estrojeni.

Yapo maumivu ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo: yaliyopasuka kwa ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja, yenye homa na shingo ngumu, yenye mkono au mguu uliolegea, ya baada ya kugonga kichwa, na ya mjamzito ambaye presha imepanda. Mwenye VVU ambaye kichwa kinazidi wiki baada ya wiki apimwe maji ya uti wa mgongo kutafuta kriptokokasi, fangasi wanaoshambulia ubongo, hata kama hana homa.