Jibu: Kudunga vitegemezi hakuhitaji kontena

Ndugu, umeuliza kama ni lazima usakinishe kontena (maktaba inayounda vitu vya programu na kuviunganisha kwa niaba yako) ili udunge vitegemezi, yaani vitu ambavyo klasi inavihitaji kufanya kazi yake, katika programu yako, ambamo klasi ya kushughulikia oda hujiundia yenyewe muunganisho wa hifadhidata. Si lazima. Kudunga vitegemezi, jina lililoenezwa na mwandishi wa masuala ya programu Martin Fowler mwaka 2004, maana yake ni kwamba klasi hukabidhiwa kutoka nje kile inachokihitaji badala ya kukiunda, na hilo hutimizwa na konstrakta ya kawaida (sehemu ya klasi inayoendeshwa kitu kinapoundwa) yenye parameta moja ya ziada.

Tangaza kiolesura, yaani orodha ya vitendo isiyosema vinatekelezwaje, chenye vitendo viwili tu ambavyo klasi yako inavitumia, yaani kuhifadhi oda na kuitafuta, kisha konstrakta ipokee kiolesura hicho. Programu inapoanza, utaipa klasi utekelezaji unaowasiliana na hifadhidata halisi. Wakati wa majaribio, utaipa ule unaotunza oda kwenye kumbukumbu, na hutahitaji seva yoyote. Mimi hupendelea konstrakta kuliko kupachika vitegemezi baadaye, kwa sababu kitu hakiwezi kuundwa kikiwa pungufu. Tena, konstrakta inayodai vitegemezi vinane hukufichulia mapema, na bila huruma, kwamba klasi imebebeshwa kazi nyingi mno.

Kontena lifikirie pale kuunganisha kwa mkono kutakapokuchosha. Ukianza kulitumia, angalia muda wa kuishi wa vitu: kitu kinachoishi muda wote wa programu kikikabidhiwa muunganisho uliokusudiwa ombi moja tu la mtumiaji, kitaendelea kuung'ang'ania baada ya ombi hilo kwisha, na hitilafu ya aina hiyo ni ngumu kuibaini.