Ukipima lipoprotini(a), soma kizio kabla ya namba

Kama baba au mama yako alipata shambulio la moyo akiwa bado kijana, mwombe daktari akuandikie kipimo cha lipoprotini(a), chembe inayobeba mafuta kwenye damu, ambayo ikizidi huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo. Mimi niliandikiwa kwa sababu hiyo. Maabara ya kwanza ilinipa 46, ya pili 112, na nyumbani wakaingiwa na hofu. Kumbe ya kwanza ilikuwa miligramu kwa desilita, ya pili nanomoli kwa lita.

Usijaribu kugeuza moja kuwa nyingine kwa kuzidisha, hata ukikuta kikokotoo mtandaoni. Kwa sukari inawezekana. Kwa hii haiwezekani. Chembe hii, aliyoigundua Kåre Berg wa Norwei mwaka 1963, ina protini yenye kipande kinachojirudia: kwa mtu mmoja mara chache, kwa mwingine zaidi ya mara 30. Fikiria chembe hizi kama magunia: miligramu hupima uzito wa magunia, nanomoli huhesabu magunia, na magunia yenyewe hayalingani.

Kibaya zaidi, kingamwili (protini za kunasia) zilizomo kwenye vitendanishi vingi, yaani kemikali za kupimia, hukishika kipande hicho hicho kinachojirudia. Mwenye protini ndefu husomeka juu kuliko hali yake, na mwenye fupi husomeka chini, ilhali wenye fupi ndio mara nyingi wana chembe nyingi na hatari kubwa! Hili linaniuma, maana anayestahili kuonywa ndiye anayeweza kuambiwa yuko salama. Shirika la Afya Duniani lilishaidhinisha sampuli rejea, yaani ya kulinganishia, yenye thamani ya nanomoli ili mashine zisawazishwe nayo.

Basi ulizeni maabara: mnatoa majibu kwa nanomoli? Kipimo chenu kimesawazishwa kwa rejea hiyo? Nilipouliza, mtaalamu alinifungulia karatasi ya maelezo ya vitendanishi tukasoma pamoja.

Wataalamu wa Ulaya huhesabu chini ya nanomoli 75 kuwa hatari ndogo, juu ya 125 kubwa. Aliye katikati, kama mimi, anaangaliwa pamoja na shinikizo la damu, sukari na lehemu nyingine. Kiwango hiki hurithiwa, chakula hakikibadilishi sana, kwa hiyo wengi hupima mara moja tu maishani. Ukilazimika kurudia, rudi maabara ile ile. Karatasi ya majibu itunze, na nakala wape ndugu zako wa tumbo moja waende nayo kwa daktari.