Panga la babu lina kutu, nilirudishie vipi weusi?

Kaka wa Chumbageni, kulichoma kwenye mkaa ili liwe jeusi sahau kabisa, chuma kinalainika na makali hayakai tena. Toa mpini, piga msasa mpaka ling'ae, osha mafuta yote kwa sabuni ya unga na usilishike kwa vidole, halafu liache lipate kutu nyembamba nyekundu, kwa upepo wa bahari wa hapa Tanga wala halichelewi. Chemsha nusu saa ndani ya kipande cha bomba la chuma kilichochomelewa tako, tumia maji ya mvua maana ya visima vyetu vingi yana chumvi. Utaona ule wekundu unageuka mweusi tii, na kutu hiyo nyeusi haili chuma kama ile nyekundu. Sugua unga wa juu kwa stilwaya laini, rudia kulitia kutu, kulichemsha na kulisugua mpaka rangi ikolee, kisha paka mafuta ya cherehani likiwa bado la moto.