Maswali ya Wasomaji: Kulala kwenye Hema Udzungwa

SWALI: Shikamoo anti. Mimi na mume wangu tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma, watoto wetu ni wawili, mmoja ana miaka 9 mwingine 6. Likizo ya mwezi wa sita tunataka twende hifadhi ya milima ya Udzungwa tukalale kwenye hema siku mbili, sehemu iliyotulia isiyo na makelele. Watu wanatuambia milimani kuna baridi kali watoto wataumwa kifua. Halafu mama mkwe hataki hata kusikia, anasema mtu mwenye nyumba yake na geti anaendaje kulala porini. Tufanyeje?
Mama wa wawili, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na baridi maana hapo ndo wengi wanakosea. Mtu akisikia neno milima anabeba makoti na mablanketi mazito, lakini pale Mang'ula yalipo makao makuu ya hifadhi ni chini kabisa ya mlima, kama mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, wakati Dodoma yetu iko zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo nyie mnashuka, hampandi. Upepo wa mwezi wa sita unaowapiga hapo Nkuhungu kule hamtaukuta. Mtakuta joto lenye unyevunyevu, taulo la jana asubuhi bado bichi, na mashuka mawili yanatosha. Baridi ipo huko juu, kilele cha Luhombero kinafika mita 2,579, ila na mtoto wa miaka 6 huko hamwendi.

Kifua kisikutishe sana, ogopa mbu. Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo, watoto wetu wanakua hawajaizoea, na bonde la Kilombero, ilipo hiyo Mang'ula, ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo hema lazima liwe na wavu mzima na zipu nzima, na kabla hujalipa lisimamishe hapo hapo dukani, ingia ndani, fungua na kufunga zipu mara kumi mbele ya muuzaji. Nakwambia hivi kwa sababu mi nilishauziwa hema ambalo zipu yake iliachia usiku wa kwanza tu, nikabana na pini za nguo nikajua nimemaliza, saa nane usiku nashtuka kitu kinaning'ang'ania kidole cha mguu, kumulika tochi ni siafu, mstari mweusi unaingia palepale kwenye upenyo kati ya pini ya pili na ya tatu. Tulitoka nje na mashuka yetu mpaka kunakucha. Na mkisharudi nyumbani, mtoto akipata homa ndani ya wiki chache usimpe panado ukasubiri, mpeleke akapimwe na umwambie daktari kwamba mlikuwa Kilombero.

Njia ni Dodoma mpaka Morogoro, halafu barabara ya Iringa, mnapita katikati ya hifadhi ya Mikumi (mwendo taratibu jamani, pale ukigonga mnyama unalipa faini), mkifika Mikumi mjini mnakata kushoto kuelekea Ifakara. Kidatu mtavuka mto Ruaha Mkuu. Waambieni watoto hapo wachungulie, maana maji yale yanatoka bwawa la Mtera, lile lile ambalo samaki wake tunanunua sokoni hapa Dodoma. Mbele kidogo ndo Mang'ula. Kama hamna gari pandeni treni ya umeme mpaka Morogoro, kutoka hapo kuna mabasi ya Ifakara. Mbebe vitambulisho vya NIDA mlipe kiingilio cha raia, mnapewa kumbukumbu namba mnalipa kwa simu au benki, na kulala kunalipiwa mbali na kuingia, msije mkashtuka getini.

Udzungwa haina barabara za gari ndani. Kilometa za mraba 1,990 hizo unazitembea kwa miguu na mwongozaji. Utulivu unaoutafuta unatoka hapo hapo, hakuna injini inayozunguka kutafuta simba. Maporomoko ya Sanje yana jumla ya mita 170 na kuyapanda ni karibu nusu siku kwenda na kurudi, njia imesimama, huyo wa miaka 9 ataweza akipumzishwa. Mdogo mwanzieni yale madogo yaliyo karibu na geti. Pale pale kempu mtaona mbega wekundu, aina ambayo duniani kote iko milima hiyo ya Udzungwa na misitu ya jirani yake tu, wana nywele nyekundu utosini kama wamevaa kofia. Chakula kiwe ndani ya ndoo yenye mfuniko au kwenye gari, maana nyani akiona mkate mezani haulizi. Mchele usibebe, kanunue huko huko, wa Kilombero unanukia mpaka nje ya sufuria.

Mama mkwe usibishane naye, mama wa watu anahofia wajukuu na ana haki. Mi ningekuwa wewe ningemwalika. Mang'ula kuna nyumba za kulala wageni, alale kitandani kwake, asubuhi mumfuate aje kunywa chai kempuni, akikaa kwenye kiti chini ya ile miti akaona wajukuu wake wazima, mwakani hamtapata tabu.

SWALI: Anti habari. Mwaka jana tulikuwa vijana wanne tumelala kempu ya Udzungwa, tulikuwa peke yetu, kimya kabisa. Kwenye saa tatu usiku tukasikia sauti juu ya mti, inaanza kama mlango mkavu unafunguliwa, halafu inapanda inapanda mpaka inakuwa kama mtu ananyongwa. Ikajibiwa upande mwingine. Mwenzetu mmoja alisema ni mambo ya kishirikina tukafungasha usiku ule ule tukalala kwenye gari. Ilikuwa nini?
Kijana wa Manyoni

JIBU: Alikuwa perere mwanangu. Wala hujakosea kuogopa, sauti ile hata mimi mara ya kwanza nilimshika mwenzangu mkono mpaka kucha zikamwingia.

Pimbi unawajua, wale wanaoota jua kwenye mawe huku kwetu kanda ya kati. Perere ni ndugu yao ila yeye anaishi juu ya miti, mchana kalala kwenye pango la mti, usiku anatoka kula majani. Ukubwa wake ni wa sungura aliyenona, manyoya ya kahawia, hana mkia wa kuonekana, na vidole vyake vina kucha kama vikwato vidogo. Wataalamu wanasema ukoo wake wa karibu ni tembo na nguva. Kanyama kadogo vile, lakini dume akianza kuita msitu mzima unajua eneo ni lake, na yule aliyejibu upande wa pili alikuwa dume mwingine anamwambia na huku kuna mwenyewe.

Naumia kwamba mliondoka, maana mlichokimbia ndo chenyewe. Kempu iliyotulia msituni ina sauti nyingi kuliko stendi, ila hakuna hata moja inayokuhitaji wewe. Chura wanaanza giza likiingia, perere anafuata, bundi, halafu kuna muda kama saa tisa hivi yanabaki maji ya kijito peke yake. Milima ile ina viumbe ambao hata sayansi imechelewa kuwajua, kuna nyani mmoja anaitwa mangabe wa Sanje, watafiti walimtambua mwaka 1979, wenyeji walikuwa wanamfahamu siku zote. Rudini. Safari hii sauti ikianza zimeni tochi, msiongee, hesabuni anaita mara ngapi kabla hajajibiwa.

SWALI: Tunapanda kilele cha Mwanihana huko Udzungwa mwezi wa saba, siku tatu. Nimepanga kubeba spika ya bluetooth na jiko dogo la mkaa la kuingiza ndani ya hema usiku. Kuna ubaya?
Fundi, Kibaigwa

JIBU: Spika iache Kibaigwa. Wenzako wamesafiri kutwa nzima kufuata ukimya ule, na hata mkiwa peke yenu, wanyama nao wanasikia.

Jiko ndo limenifanya nijibu barua yako haraka. Usiliingize hemani, hata dakika kumi, hata zipu ikiwa wazi kidogo. Najua huku kwetu baridi ikikaza watu wanaingiza jiko chumbani, na kila mwaka tunasikia waliokutwa asubuhi hawajaamka. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, unaumwa kichwa, unasikia usingizi mtamu, basi. Hema ni dogo kuliko chumba chochote ulichowahi kulala. Moto utawashwa nje, pale askari wa hifadhi atakapokuonyesha. Huko juu unapita mita 2,000, baridi ni ya kweli, kwa hiyo beba slipingi begi nzito, soksi kavu ambazo hujatembelea, na godoro jembamba la kutandika chini maana baridi kubwa inatoka ardhini. Kabla ya kulala chemsha maji, jaza chupa ya chuma, ifunge vizuri uivalishe soksi, iweke miguuni. Asubuhi maji yatakuwa bado vuguvugu, unanawia uso.