Jibu: Kizizi cha tiba ya watoto kikae wapi ndani ya bustani ya umma?

Habari ndugu. Umeuliza uweke wapi mbuzi, sungura na punda kwa ajili ya watoto wenye usonji katika bustani ya umma jijini Nairobi.

Anza na upepo. Nairobi huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo banda na lundo la mbolea viwe ukingo wa magharibi, harufu isiwafuate waliokuja kupumzika. Tafuta mteremko mdogo. Ule udongo mweusi unaonata hushika maji, na mvua za Aprili zikikolea kwato za mbuzi huoza. Ukikosa pengine, inua sakafu ya mbao sentimita 60 hivi.

Kaa mbali na uwanja wa mpira na barabara ya matatu. Honi moja ya ghafla humshtua mtoto na punda kwa pamoja, na hapo ndipo watu huumia. Mageti yawe mawili, moja likifunguliwa lingine limefungwa, na njia iwe na upana wa mita 1.5 kwa viti vya magurudumu.

Bomba liwe pale pale pa kutokea, na sabuni juu yake: jeli ya mikono haiui kriptosporidiamu, kijidudu cha kuharisha kinachotoka kwenye kinyesi cha wanyama. Na tafadhali, ng'oa oleanda yote, ule mti mdogo wa maua wenye sumu, kabla mnyama hajaingia. Majani machache tu humuua mbuzi.